Kujibizana kwa Washairi na Wajibu wa Mwenye Kujibu

Miongoni mwa mambo ambayo utamaduni wetu waweza kujivunia mbele ya tamaduni nyingine ni desturi ya washairi kujibizana. Mtu hutunga shairi, akalitoa hadharani. Mwingine, ambaye huenda hajapata kumwona kwa macho, hulichukua, akalipima, akalijibu kwa shairi. Watu hao wawili si lazima wawe mabingwa. Mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi na karani wa bohari, au mkulima na askari, watu ambao mchana wana kazi zao na usiku wana kalamu zao. Hakuna awalipaye, na wala hawadai malipo. Wanachodai ni kitu kimoja tu, nacho ni kujibiwa.

Katika makala haya hatukusudii kueleza historia ya desturi hiyo kwa ukamilifu, kwani kazi hiyo yahitaji kitabu kizima. Tunakusudia kuuliza swali moja la maadili, ambalo twaamini limesahauliwa hata na wale wanaoupenda ushairi. Mtu anapotuonyesha utungo wake, tunadaiwa nini naye? Je, anatudai kweli, hata ikimwumiza? Au anatudai upole, hata ukimdanganya? Walimu hukutana na swali hili kila wanapofungua daftari la mwanafunzi, na wanafunzi nao hukutana nalo kila mwenzao anapowaambia, "Hebu soma hapa, uniambie."

Yafaa tuanze na kisa kilichotupata sisi wenyewe, kwa kuwa si haki kuwahukumu wengine kabla ya kujihukumu. Tulipokuwa tukifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari, msichana mmoja wa kidato cha pili alituletea shairi alilolitunga juu ya mama yake. Lilikuwa na beti sita. Mshororo mmoja wa ubeti wa kwanza ulisema hivi: "Mama yangu huamka, usiku kwenda kisimani." Tulilisoma shairi lile tukiwa tumesimama mlangoni mwa darasa, vitabu mkononi, na kengele imekwisha lia. Tukamwambia kwamba ni zuri sana, na kwamba anafaa kulipeleka gazetini. Alifurahi mno. Akalipeleka.

Lilichapishwa. Baada ya majuma machache, mshairi mmoja asiyemjua alimjibu katika ukurasa ule ule. Alihesabu mizani za mshororo tulioutaja, akaonyesha kwamba kipande cha kwanza kina mizani nane na cha pili kina tisa. Kisha akamshauri mtunzi arudi darasa la kwanza akajifunze kuhesabu, aache kuwachafulia malenga uwanja wao. Wanafunzi wenzake walilisoma jibu hilo, wakalikariri, wakawa wakimwimbia. Msichana yule hakuandika tena shairi kwa muda wote aliobaki katika shule ile. Tulipomwuliza, alijibu kwa adabu kwamba ana masomo mengi.

Kwa miaka kadhaa tulimlaumu yule mshairi wa gazetini. Lakini kila tulipokitafakari kisa hiki tuligundua jambo lililotusumbua. Yule bwana alisema kweli. Mizani zilikuwa tisa. Sisi ndio tuliosema uongo, ingawa tuliusema kwa sauti ya upole. Basi ikiwa wajibu wa mwenye kujibu ni kusema kweli, yeye aliutimiza nasi tuliuvunja. Na ikiwa wajibu wake ni upole, sisi tuliutimiza naye akauvunja. Hata hivyo, matokeo ya maneno yetu na ya maneno yake yalikuwa mamoja. Hapana budi, basi, kuna kitu cha tatu ambacho sote wawili tulikikosa.

Ili tukipate kitu hicho, natutazame jinsi desturi yenyewe ilivyokuwa. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu 1840, hakutunga kwa ajili ya kusomwa peke yake chumbani. Alitunga katikati ya watu na juu ya mambo ya watu. Wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama, alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mgumi wa Lamu, na maneno yao yalikuwa makali kama silaha za wenye kupigana. Tungo zake zilibaki katika vifua vya watu hadi Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipozikusanya baadaye katika karne ile ile, na zikaja kuchapwa kitabuni mwaka 1940. Twaona hapa kwamba shairi lililojibiwa ni shairi lililosikilizwa, na shairi lililosikilizwa ndilo lililopata mahali pa kuishi kabla ya kupata karatasi.

Huko Pemba nako kuna kibati, ambamo watungaji hujibizana papo kwa papo huku ngoma ikipigwa. Anayejibu hana nafasi ya kwenda nyumbani kufikiri. Lazima awe amelisikia kila neno la mwenzake, maana asiposikia hana la kujibia. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, liliifungulia desturi hiyo njia mpya. Mtu wa bara na mtu wa pwani, waliotenganishwa na mwendo wa siku nyingi, waliweza kuulizana mafumbo na kufumbuliana. Shaaban Robert, aliyekuwa akifanya kazi ya ukarani serikalini, alikuwa miongoni mwa waliochapisha tungo zao humo. Baada yake magazeti mengine nayo yakatenga kurasa za mashairi, ambamo mtu alitia jina lake au lakabu yake, pamoja na sanduku lake la posta, ili ajulikane aliko atakayejibiwa. Siku hizi shairi husafiri kwa simu, na jibu lililokuwa likingojewa mwezi mzima hufika kabla chai haijapoa. Njia zimebadilika, swali letu halijabadilika. Pengine limezidi uzito, kwa sababu anayejibu upesi hupungukiwa na muda wa kusoma.

Sasa natuangalie kanuni moja iliyozoeleka katika kujibizana. Mwenye kujibu hutumia bahari ile ile aliyoitumia mwenzake, na mara nyingi hufuata vina vile vile. Kama shairi la kwanza lina mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, na vina vyake ni "ka" na "ni", jibu nalo hujitahidi kwenda hivyo hivyo. Wengi huidhani kanuni hii kuwa ni ufundi tu, au ni njia ya kujionyesha. Sisi twaona kwamba ndani yake mna mafunzo makubwa ya maadili. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake bila kulisoma shairi lake mara nyingi. Huna budi kutembea katika njia aliyopita, kubanwa pale alipobanwa, na kujua kwa nini alichagua neno hili akaliacha lile. Kwa hiyo, kabla hujampinga, umekwisha kuwa mwenzake. Wazee wetu hawakuandika sheria isemayo "Msikilize mwenzako kabla ya kumjibu". Waliitia sheria hiyo ndani ya umbo la shairi lenyewe, ikawa asiyeitii hawezi hata kujibu.

Hiki ndicho kitu cha tatu tulichokuwa tukikitafuta. Sisi tulimsifu msichana yule bila kumsoma. Yule bwana alimkosoa bila kumsoma. Yeye aliona namba, sisi tuliona furaha ya mtoto. Hakuna kati yetu aliyeliona shairi.

Je, lingesomwa lingeonekanaje? Mshororo ule ulikuwa na mizani moja ya ziada, hilo ni kweli. Kosa lile lingeweza kurekebishwa kwa wepesi, kwa mfano kwa kusema "Mama yangu huamka, kwenda mbali kisimani." Mizani zimetimia nane kwa nane, na vina vimesalimika. Lakini tazama kilichopotea: usiku umetoweka. Na usiku ndio uliokuwa moyo wa mshororo ule. Mama anayekwenda kisimani mchana ni mama wa kawaida. Mama anayekwenda usiku, ili watoto waamke wakute maji, ndiye aliyemfanya binti yake ashike kalamu. Mtoto yule alizidisha mizani kwa sababu hakukubali kuuacha usiku. Msomaji mwema angeliona hilo, angemwambia, "Mwanangu, umefanya vema kuung'ang'ania usiku, sasa tutafute namna ya kuubakiza." Kisha angemfundisha inkisari, ambayo ni ruhusa ya mshairi kufupisha neno, na pamoja wangepata: "Usiku mama hwamka, kwenda mbali kisimani." Mizani zimetimia, vina vimebaki, na usiku umebaki. Kazi hiyo yahitaji robo saa. Robo saa hiyo ndiyo aliyokuwa akitudai.

Twaweza sasa kulijibu swali letu. Mwenye kutuonyesha utungo wake hatudai kweli peke yake wala upole peke yake. Anatudai kwanza kusomwa. Kweli inayotoka kwa mtu asiyesoma ni nusu kweli, na upole wa mtu asiyesoma ni njia ya kuepuka kazi. Lakini anayesoma kwa makini huziona sifa na dosari kwa pamoja, kwa maana mara nyingi dosari huota pale pale ambapo mtunzi alikuwa akijaribu kufanya jambo kubwa.

Tunajua kwamba yapo maneno yatakayopingana nasi, nayo yastahili kujibiwa.

La kwanza ni la wale wasemao kwamba mwanagenzi ni mche mchanga, hivyo asifiwe tu hadi apate nguvu. Hatukatai kwamba mche wahitaji maji. Lakini Waswahili walikwisha sema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa mno kumlaumu mgema, nasi twaona kwamba yapasa imguse msifu pia. Nani aliyemfundisha mgema kwamba tembo la maji litanyweka? Ni yule aliyesifu bila kuonja. Isitoshe, sifa tupu humtoa mwanagenzi uwanjani bila ngao. Msichana yule, kama tungemwambia habari ya mizani tisa kwa siri na kwa upendo, asingeaibishwa nayo mbele ya watu. Sisi ndio tuliompeleka vitani tukimwambia kwamba hakuna vita.

La pili ni la wale wasemao kwamba mwamuzi wa kweli ni umma: shairi likipendwa na wengi ni zuri, lisipopendwa ni baya, na mjibu hana la kuongeza. Watatuonyesha mfano wa Usukumani, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila chama upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Tunauheshimu mfano huo, kwani ushindani ule umezaa ngoma na nyimbo nyingi nzuri. Lakini lazima tutofautishe mambo mawili. Umati waweza kuamua ni nani aliyependeza leo. Umati hauwezi kumwambia mchezaji ni mguu gani alioukosea, wala hauwezi kumfundisha usiku ule baada ya ngoma kwisha. Kazi hiyo ni ya mtu mmoja anayemwendea mtu mmoja. Watu mia wanaopiga makofi hawawezi kuchukua nafasi ya rafiki mmoja aliyesoma. Wakati huu ambapo sifa huhesabika kwa kidole juu ya simu, yafaa vijana walikumbuke jambo hili.

La tatu ni la wale wasemao, "Shairi langu ni la nafsi yangu, nani aliyempa mwingine ruhusa ya kulipima?" Hoja hii ilipata nguvu katika mjadala mkubwa wa miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Upande mmoja ulishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwisha ziandika kanuni hizo katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, na wengi walikitegemea. Upande wa pili ulisema kwamba sheria ni chombo na si bwana. Hatutaki kuufufua mjadala huo hapa. Tunalotaka kusema ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na wasomaji wema na wasomaji wavivu. Msomaji mvivu wa jadi aliliona shairi huru, akahesabu, akakasirika. Msomaji mvivu wa mambo mapya aliliona shairi la vina, akalicheka kuwa la kizamani bila kulisoma. Msomaji mwema wa upande wowote aliuliza kwanza: mtunzi huyu amejiwekea kazi gani, na ameifanyaje? Aliyejiwekea kazi ya mizani kumi na sita apimwe kwa kumi na sita. Aliyeiacha apimwe kwa kile alichokiweka mahali pake, na kama hakuweka kitu, naye aambiwe. Nafsi ni yake. Lakini akiisha kulitoa shairi hadharani ameomba sikio, na mwenye sikio ana haki ya kusema alichosikia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo si kipingamizi bali ni hatari, nayo ni ya kugeuza kujibizana kuwa mchezo ambao mshindi wake amepangwa. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waitumie sanaa yao kueleza siasa ya nchi, na Mathias Mnyampala akaiendeleza sanaa ya ngonjera, ambayo vitabu vyake vilienea mashuleni kuanzia 1970. Wengi wetu tulizikariri ngonjera tukiwa watoto, na zilitufundisha kusimama mbele ya watu na kusema bila woga; hiyo ni faida isiyosahaulika. Lakini mara nyingi katika ngonjera mjinga alijulikana ni nani tangu ubeti wa kwanza, na mwishoni alishukuru kwa kuelimishwa. Kujibizana kwa kweli hakuko hivyo. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya tangu 1969 hadi 1972, alitunga akiwa gerezani mashairi yaliyotoka katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Humo mna utungo wa ndugu wawili wanaogombania mnazi, na kila mmoja anaitetea haki yake kwa hoja zake mwenyewe. Twashangaa kwamba mtu aliyefungiwa peke yake, asiye na wa kumjibu, alijitungia wawili wanaojibizana. Yaonekana kwamba kwa mshairi wa Kiswahili fikra yenyewe huja kwa sauti mbili, na kila sauti yadai kusikilizwa.

Kutokana na hayo, twaweza kutaja mambo machache yawafaayo walimu na wanafunzi. Mwenye kujibu asome hadi aweze kulieleza shairi la mwenzake kwa namna ambayo mwenzake atakubali kwamba ameelewa. Kisha ataje kosa pamoja na sababu yake, na njia ya kulitengeneza akiijua. Alitenge shairi na mtu: mizani tisa ni kosa la mshororo, si kosa la mtoto wa fulani. Akumbuke pia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kwamba ulimi wa mwalimu ukijikwaa huangusha wengi. Neno moja la mkubwa kwa mdogo halilingani na neno hilo hilo baina ya wenye umri mmoja. Ndiyo maana malenga wa zamani waliompa mmoja wao cheo cha shaha, yaani mkuu na mwamuzi wao, hawakumpa fimbo ya kuwapigia wanagenzi; walimpa mzigo wa kuwalea.

Naye aliyejibiwa ana wajibu wake. Asidai sifa wakati ameomba maoni. Akikosolewa kwa haki ashukuru, na shukrani iliyo bora ni kulitengeneza shairi. Akikosolewa kwa jeuri, aichukue kweli iliyomo aiache jeuri, kama mtu aokotaye sarafu matopeni. Hili ni rahisi kuliandika na ni gumu kulitenda, hasa ukiwa na umri wa miaka kumi na mitano na wenzako wanakuimbia. Ndipo twasema kwamba mzigo mkubwa zaidi uko kwa mwenye kujibu.

Huenda wapo watakaoona kwamba tumelikuza mno jambo dogo. Mashairi ya watu wa kawaida, watasema, mengi yao hayatadumu. Ni kweli kwamba mengi hayatadumu. Lakini taifa halijifunzi kusikilizana katika mikutano mikubwa tu. Hujifunza pia pale ambapo mtu asiye na cheo anampa mwingine asiye na cheo karatasi na kumwambia, "Soma." Akisomwa vema, atajua kuwasoma wengine. Akipuuzwa kwa sifa au kwa matusi, atawatendea wengine vivyo hivyo.

Yule msichana sasa ni mtu mzima. Daftari lake hatujui liliishia wapi. Lakini mshororo wake bado tunaukumbuka, na kila mwanafunzi anapotuletea karatasi tukiwa mlangoni, na kengele imelia, twaweka vitabu chini.